Mafuta Yamepanda: Maneno ya Ukaguzi wa Injini ya Dizeli

Katika barua tunazoletewa na wasomaji, nyingi huuliza jambo moja tu: kitu fulani huitwaje kwa Kiswahili? Ni mara chache kuletewa swali ambalo jibu lake likikosewa mtu hupoteza mali. Swali la namna hiyo limetufikia kutoka kwa mwalimu wa chuo cha ufundi, ambaye huwafundisha vijana ukaguzi wa magari makubwa. Ametaka kujua ni maneno gani yafaayo kutumiwa katika maelekezo ya kuikagua injini ya lori la dizeli lililokwisha kutumika, kabla ya mwenye lori kuiongeza nguvu. Vitabu alivyo navyo ni vya lugha za kigeni, wanafunzi wake husoma na kufikiri kwa Kiswahili, na tafsiri mbili alizozipata hazipatani hata katika jina la kitu cha kwanza kinachokaguliwa.

Tumeonelea kulijibu swali hili kwa urefu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba shughuli yenyewe imeenea. Malori mengi yanayonunuliwa Tanzania, Kenya na Uganda hufika yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, hasa Japani, ambako magari hupita upande wa kushoto wa barabara kama kwetu. Na mwenye lori, akiisha kulipa ushuru na kulipandisha Mlima Kitonga mara moja na mzigo, huanza kutafuta fundi wa kumwongezea nguvu. Ya pili, ambayo ni afadhali tuikiri mapema, ni kwamba katika maneno haya haya sisi wenyewe tumewahi kukosea.

Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa kuifasiri fomu ya ukaguzi kwa ajili ya ofisi moja yenye malori yake. Mstari wa saba wa fomu hiyo ulimtaka mkaguzi achomoe kijiti cha kupimia na atazame kama oili ya injini imezidi kiasi chake. Sisi tukaandika: "Angalia kama mafuta yamepanda." Tuliridhika na sentensi hiyo, kwa kuwa ilikuwa fupi na sarufi yake haikuwa na dosari. Mkaguzi alipoufikia mstari wa saba aliandika, kwa mwandiko mzuri: "Ndiyo, tangu mwezi uliopita."

Msomaji atacheka, nasi tulicheka, mpaka tulipoelezwa yaliyofuata. Oili inayoongezeka bila mtu kuiongeza haina heri. Kuna kitu kinachoingia ndani yake, na katika injini ya dizeli kitu hicho mara nyingi ni dizeli yenyewe, iliyovuja kutoka kwenye pampu au kwenye nozeli mbovu. Pengine ni maji ya rejeta. Oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi, haiwezi tena kutenga chuma na chuma, na beringi za krenkshafti husagika. Lori lile lilipitishwa, likaongezwa nguvu, likapakiwa, na likaishia katikati ya Kitonga, injini ikiwa imekwama. Hakuna aliyeumia. Lakini dereva aliandikiwa barua ya kujieleza kwa nini aliondoka bila kuangalia mafuta. Naye akajibu, kwa haki kabisa, kwamba aliyaangalia na tangi lilikuwa limejaa. Ilitubidi nasi tuandike barua kueleza kwamba kosa halikuwa la dereva wala la mkaguzi, lilikuwa la mfasiri. Barua ya dereva iliondolewa katika jalada lake baada ya miezi minne.

Tuanze basi na neno hilo. Mafuta ni neno pana sana katika lugha yetu. Yapo mafuta ya nazi na ya ufuta, ya kupikia na ya kujipaka, ya taa na ya samaki, na tukisema nchi fulani ina mafuta hakuna anayedhani kuwa ni ya karanga. Upana huo haumsumbui mtu jikoni wala dukani, kwa sababu mahali penyewe hufafanua. Lori, hata hivyo, ni mahali pamoja penye mafuta ya namna nyingi: yaliyomo tangini huungua, yaliyomo katika injini hulainisha, mengine yamo katika giaboksi, mengine katika usukani, na mengine mazito hupakwa kwenye maungio. Mafundi wetu walikwishaona shida hiyo zamani, nao wakaitatua bila ya kikao: kinachoungua ni dizeli, kinacholainisha ni oili, kilicho kizito ni grisi. Hakuna fundi amwambiaye kijana wake "mwaga mafuta" anapotaka oili imwagwe. Mafuta, kwa madereva, yamebaki kuwa yale ya kituoni, na hupanda au kushuka kwa bei.

Wafasiri wenzetu huliona neno oili kuwa ni la kukopa mno, wakaandika mahali pake "mafuta ya kulainishia". Maneno hayo ni sahihi, na katika kitabu cha darasani hatuna ugomvi nayo. Lakini istilahi ndefu haikai nzima katika kinywa cha mtu mwenye kazi. Hukatwa, na kinachobaki ndicho kinachotumika. "Mafuta ya kulainishia" ikikatwa hubaki "mafuta", nasi tunarudi pale pale kwenye mstari wa saba. Kwa hiyo tunashauri kwamba katika fomu, maagizo na vibandiko vya magari liandikwe neno oili, na neno mafuta lisitumike kabisa likiwa peke yake. Mfasiri anayeandikia madereva wa njia ya Tunduma na Kasumbalesa akumbuke pia kwamba huko Kongo atasikia dizeli ikiitwa mazutu, neno lililopitia Kifaransa.

Sasa inafaa tueleze shughuli yenyewe, maana mfasiri asiyejua kwa nini kitu kinakaguliwa hawezi kuchagua neno la kukiitia. Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliiombea hataza mwaka 1892 na kuionyesha ikifanya kazi huko Augsburg mwaka 1897, haina plagi ya kutoa cheche kama injini ya petroli. Hewa huingia katika silinda, pistoni ikaibana mpaka ikawa kama sehemu moja ya 16 au hata ya 20 ya ukubwa wake wa kwanza, na kwa kubanwa huko hewa hupata moto wa nyuzi zaidi ya 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Katika injini ya petroli dereva akikanyaga mafuta hufungulia hewa. Katika injini ya dizeli huongeza dizeli inayonyunyizwa. Nguvu yake, kwa hiyo, imo katika kiasi cha dizeli, maadamu ipo hewa ya kutosha kuiunguza.

Ndiyo sababu kuongeza nguvu ya injini ya dizeli ni jambo rahisi kufanya na rahisi kujutia. Katika malori ya zamani fundi huzungusha skrubu moja ya pampu, ambayo kiwandani hufungwa kwa waya na lakiri, na dizeli ikazidi. Katika yale ya baadaye hubadilishwa programu ya kompyuta ya injini, au hufungwa kisanduku kinachoidanganya kompyuta hiyo kuhusu presha ya dizeli. Hewa nayo huongezwa kwa tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wenyewe utokao, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliiombea hataza mwaka 1905. Kwa njia yoyote ile, kila silinda huungua kwa moto mkali zaidi na kusukumwa kwa nguvu kubwa zaidi kuliko ilivyokadiriwa na walioitengeneza. Injini nzima huweza kuvumilia nyongeza ya kiasi. Injini iliyochoka haitengenezwi na nyongeza hiyo. Hudhihirishwa tu ubovu wake, tena njiani.

Je, kazi hiyo ya kuongeza nguvu iitweje? Tafsiri moja ya mwalimu wetu yasema "kurekebisha injini". Neno hilo halifai, kwa sababu kurekebisha ni kuondoa kasoro, na mnunuzi aambiwaye kwamba injini "imerekebishwa" hufurahi, wakati ambapo pengine ingempasa kuogopa. Tafsiri ya pili ina "kuboresha", ambalo ni neno la sifa na linatoa hukumu kabla ya ushahidi. Huko gereji husikika "kutyuni". Sisi tungependa kulipendekeza neno kukoleza. Hukolezwa mchuzi kwa viungo, hukolezwa rangi, na hasa hukolezwa moto kwa kuni. Na injini ya dizeli ni moto unaoongezwa kuni. Neno hilo linabeba pia onyo lake, kwa kuwa kila mpishi ajua kwamba kuna kukoleza kupita kiasi. Mpaka pendekezo hili litakapojadiliwa, fomu za ofisi na ziandike waziwazi "kuongeza nguvu ya injini", nasi katika makala hii tutatumia yote mawili.

Ukaguzi wenyewe huanza kabla injini haijawashwa, na hapa tafsiri ya kwanza ya mwalimu imeanguka vibaya. Maelekezo ya asili yanataka injini iwashwe ikiwa baridi. Mfasiri ameandika "iwashwe wakati wa baridi", na kwa neno moja ukaguzi umehamishiwa mwezi wa Juni, na pengine Makete. Maana halisi ni kwamba mkaguzi afike asubuhi, aweke kiganja juu ya injini, ahakikishe kwamba hakuna aliyeiwasha kabla yake. Injini yenye pistoni na ringi zilizolika huwaka kwa taabu ikiwa baridi, na hutoa moshi mweupe mpaka ipate joto. Muuzaji mwerevu huiwasha alfajiri, akamngoja mnunuzi na chai. Maneno "ikiwa baridi" ni mafupi kuliko yale yaliyokosewa, nayo hayana utata.

Injini ikiwaka, mkaguzi husoma moshi. Vitabu vyote hutaja rangi tatu, na rangi ya tatu ndiyo yenye shida ya lugha. Moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata joto ni dizeli isiyoungua au ni maji yaingiayo silindani. Ukiwa wa maji yenye dawa ya rejeta huwa na harufu tamu, na wafasiri wafanye uangalifu wa kuuita mvuke pale kitabu kinapokusudia mvuke. Moshi mweusi ni dizeli iliyozidi hewa: chujio la hewa limeziba, au nozeli zimechoka, au tayari kuna mtu aliyekwisha kuizungusha skrubu ya pampu. Wako vijana wauonao moshi mweusi kuwa ni alama ya nguvu. Ni dizeli iliyolipiwa kituoni na kumwagwa angani.

Rangi ya tatu ni ile ya oili inayoungua silindani. Kiswahili kina vivumishi vyake vya asili kwa nyeupe, nyeusi na nyekundu. Rangi nyinginezo huitwa kwa kutaja vitu. Kwa hiyo mmoja huandika "moshi wa samawati", mwingine "wa buluu", mwingine "wa rangi ya bahari". Tuliwauliza mafundi watatu wa mjini Morogoro kuhusu moshi wa samawati. Wawili walisema hawajauona, ingawa mmoja wao alikuwa amesimama nyuma ya lori linaloutoa. Samawati ni rangi ya mbingu zilizotakata, na moshi huu ni mchafu, wa kijivu uliochovywa katika buluu. Tunashauri iandikwe "moshi wa buluu", na kando yake maneno "wa oili kuungua", kwa kuwa fundi huutambua kwa pua haraka kuliko kwa macho.

Baada ya moshi huja jambo ambalo jina lake limetusumbua kuliko mengine yote. Pistoni imevikwa ringi ili gesi ya moto isipite kando yake. Ringi na silinda zikilika, gesi hupita, ikashuka mpaka kwenye oili, ikatafuta pa kutokea. Mkaguzi huiona kwa kufungua kifuniko cha kujazia oili, injini ikiwa inanguruma taratibu, kisha akakilaza kifuniko hicho juu ya tundu bila kukikaza. Gesi kidogo hutoka katika kila injini, hata mpya. Lakini kifuniko kikichezacheza na kurushwa, na moshi ukatoka kwa mapigo, mkaguzi amekwisha kupata jibu, na kuongeza nguvu kusizungumzwe tena kabla ya injini kufunguliwa. Moto mkali zaidi utasukuma gesi zaidi katika njia ile ile, na oili itaanza kutupwa nje.

Katika gereji tulizotembelea, hali hiyo huelezwa kwa kusema kwamba "injini inapumua". Ni usemi mzuri, wenye picha, nao unaeleweka baina ya mafundi. Haufai katika maandishi. Mwalimu ametuandikia kwamba mwanafunzi wake mmoja aliandika katika mtihani kuwa injini nzuri sharti ipumue vizuri, naye hakuwa amekosea, kwa maana hewa ya kuingia silindani nayo huitwa pumzi ya injini. Tafsiri ya kitabu inasema "mvujo wa gesi". Kuvuja, hata hivyo, ni kutoka nje: ndoo huvuja, paa huvuja, siri huvuja. Gesi hii haitoki nje ya injini. Inapita mahali pembamba kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na kitenzi cha jambo hilo tunacho, nacho ni kupenya. Tunapendekeza mpenyo wa gesi. Anayetaka kuongeza neno pumzi kwa ajili ya mafundi na aliongeze katika maelezo, si katika jina.

Mpenyo wa gesi huonyesha kuwa kuna ubovu. Hauonyeshi uko katika silinda ipi. Kwa hilo hupimwa kompresheni. Fundi huondoa nozeli, akafunga saa ya kupimia mahali pake, akaizungusha injini kwa stata, silinda moja baada ya nyingine, betri ikiwa imejaa. Injini nyingi za malori ya namna tunayoizungumzia huonyesha kama kilo 25 hadi 30 kwa kila sentimita mraba. Kitabu cha injini yenyewe ndicho chenye kauli ya mwisho. Mkaguzi mwenye busara hutazama zaidi tofauti baina ya silinda. Injini ya silinda sita ambayo zote ziko chini kidogo kwa usawa imezeeka kwa heshima. Ile ambayo tano ni nzuri na moja iko chini sana ina ugonjwa, na mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja humtuma fundi kuitazama gasketi ya silinda hedi iliyo kati yao.

Na hapa ndipo tafsiri ya pili ya mwalimu ilipovurugika kabisa. Mfasiri alikutana na vipimo vitatu vya kusukumwa: jinsi pistoni inavyoibana hewa, jinsi oili inavyosukumwa kwenda kwenye beringi, na jinsi tabo inavyoisukuma hewa kuingia silindani. Vyote vitatu aliviita "mgandamizo". Ukurasa mmoja una "mgandamizo uwe 28", mwingine "mgandamizo uwe 4", na mwanafunzi aliyechanganya kurasa atailaani injini nzima au kuisifu injini iliyokufa.

Hatuwezi kumlaumu sana mfasiri huyo, kwa kuwa uwanja wenyewe haujapatana. Watabiri wa hali ya hewa husema mgandamizo wa hewa. Fizikia ya shule ina kanieneo, neno lililoundwa kwa ustadi, ambalo hubeba ndani yake kani na eneo inayoliangukia. Hospitalini ni shinikizo la damu, au presha kwa watu wa kawaida. Madereva nao wana neno lao: tairi hupimwa upepo, na lori lenye breki za hewa husemwa kuwa lina breki za upepo. Kila neno kati ya hayo lina nyumba yake, nasi hatuoni sababu ya kuyafukuza. Haja yetu ni kuyagawia kazi ndani ya fomu moja. Mgandamizo na libaki kwa tendo la pistoni kuibana hewa, kwa kuwa kugandamiza ni kubana hasa. Na kwa kuwa mafundi wamezoea kompresheni, majina hayo mawili yaweza kuandikwa pamoja kwa muda. Oili na tabo zipewe presha, kila mara jina la kitu likifuata: presha ya oili, presha ya tabo. Kuna watakaosema kwamba mahali pa presha pangefaa kanieneo. Darasani, ndiyo. Lakini dereva aonaye taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi ana dakika chache tu za kuzima injini, na neno alilo nalo kichwani wakati huo ni presha.

Kuna maneno mengine ambayo hayahitaji mjadala mrefu. Tabo hukaguliwa kwa kushika ncha ya shafti yake, injini ikiwa imezimwa, na kuitikisa. Mafundi husema shafti "inacheza", kama usemavyo usukani kucheza, na usemi huo ni Kiswahili safi usiohitaji kubadilishwa. Kucheza kidogo sana kwa pembeni ni kawaida. Ikiwa inaingia na kutoka, au mapezi yamekwaruza nyumba yake, tabo hiyo haiwezi kubebeshwa presha zaidi. Lori lililopata joto kupita kiasi "limechemsha", na wako wahariri wanaolisahihisha neno hilo kuwa "limechemka". Wasilisahihishe. Maji ndiyo yachemkayo, na gari ndilo lililoyachemsha. Historia ya kuchemsha ni swali la lazima kwa muuzaji, pamoja na kutazama kama oili imekuwa nyeupe kama maziwa, ambayo ni dalili ya maji kuingia ndani yake. Tena kugonga na kunoki yasifanywe kuwa kitu kimoja. Injini inayogonga ina sauti isiyokuwa ya kawaida, na pengine yaweza kuponywa kwa nozeli mpya. Katika lugha ya barabarani injini iliyonoki imekwisha.

Joto la moshi linastahili mstari wake katika fomu, ingawa wengi huliacha. Alumini safi huyeyuka katika nyuzi 660, na pistoni nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini unaolegea hata kabla ya hapo. Pistoni huokolewa na oili inayorushiwa kutoka chini, na kwa kuwa kila tendo la kuungua ni fupi. Injini iliyokolezwa, yenye mzigo, ikipanda mlima kwa nusu saa bila ya kupumzika, huondoa fursa hiyo. Kwa hiyo kipimo cha joto la moshi hufungwa kabla ya kuongeza nguvu, ili ijulikane kwanza injini ilikuwaje. Mfasiri aandike "joto la moshi kabla ya kuingia katika tabo", maana baada ya tabo moshi huwa umekwisha kupoa kiasi, na namba hizo mbili si za kulinganishwa.

Lipo, mwishowe, neno nguvu lenyewe. Mwenye lori asema anataka nguvu. Fundi humpa nguvu-farasi. Kumbe alichokihitaji ni kuvuta, yaani uwezo wa kukokota mzigo injini ikizunguka polepole. Hayo ni mambo mawili yanayohusiana lakini si mamoja. Kinachovunja klachi na kusaga meno ya giaboksi ni kule kuvuta kulikozidishwa ghafla, wala si idadi ya farasi iliyoandikwa katika tangazo. Tunayo nguvu-farasi kwa lile la kwanza. Kwa la pili wengine wameandika "mvuto", ambalo tayari limeshikwa na sayansi kwa ajili ya dunia kuvuta vitu viangukavyo. "Nguvu ya kuvuta" inaeleweka, ila ikikatwa hubaki "nguvu", na tumekwisha kusema yatokeayo istilahi ikikatwa. Hatujapata neno la kuturidhisha. Wasomaji walio karibu na madereva wa malori, iwe ni wa Sekenke au wa Mombasa, watatusaidia wakituandikia ni nini wasemacho wao pale lori lisilokwenda mbio linapoushinda mlima ambao jipya limeushindwa.

Fomu ile ya ofisi tuliifasiri upya, bila malipo. Mstari wa saba sasa wasomeka hivi: "Injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha kupimia oili. Je, oili imezidi alama ya juu? Inanuka dizeli? Ikiwa jibu ni ndiyo kwa moja kati ya hayo, lori lisiondoke." Mkaguzi ni yule yule. Ametuomba tuongeze mstari mwingine chini yake, wa kuandika jina la aliyeiwasha injini mara ya mwisho na saa aliyoiwasha, nasi tumeuongeza.